Kuandaa uso wa polima ili seli zishike: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya ni ya wanafunzi wa maabara na wahandisi wa vifaa tiba wanaoanza kazi na polima za vipandikizi. Mfano unaorudiwa zaidi ni polikaprolaktoni, yaani PCL, kwa sababu inachapika vizuri kwa printa ya 3D, inayeyuka kwenye nyuzi joto 60 hivi, na haisamehi uzembe. Kuna maneno mawili ya kuwekwa sawa kwanza. Kipandikizi humu ni kitu chochote kinachoachwa mwilini, kuanzia kiunzi cha mfupa hadi mshipa bandia wa damu, si vijiti vya uzazi wa mpango tu. Na plazma humu ni gesi iliyotiwa umeme hadi ikawaka; haina uhusiano na plazma ya damu.

Kwa nini seli hazishiki polima kama ilivyotoka kiwandani?

Kwa kweli seli haiigusi polima yenyewe. Kipande kikiingia tu kwenye damu, au kwenye chakula cha seli chenye seramu, protini hutangulia. Ndani ya sekunde chache uso umeshafunikwa. Seli hufika dakika kadhaa baadaye, ikakuta mkeka umeshatandikwa na wengine. Kinachoamua kama itakaa au itaondoka ni aina ya protini zilizolala pale na mkao zilizolalia.

Fibronektini na vitronektini zina sehemu ambazo vipokezi vya seli viitwavyo integrini huzidaka. Albumini haina, nayo ndiyo iliyojaa kwenye damu. Uso unaokataa maji kupita kiasi, kama wa PTFE (Tefloni ya vikaango), huzibana protini kwa nguvu mpaka zikajikunjua vibaya na kuficha sehemu hizo. Uso unaopenda maji kupita kiasi hauziachi protini zikae, kwa hiyo seli nayo haipati pa kushika. Protini pia hupokonyana nafasi: zile nyingi na ndogo huwahi kukaa, kisha huondolewa na zilizo kubwa zenye mvuto zaidi kwa uso. Hali hiyo hujulikana kwa jina la Leo Vroman aliyeieleza. Kazi yote ya kubadilisha uso ni kuandaa mahali ambapo protini zinazofaa zitalala kwa mkao unaofaa, au kuzipandikiza wewe mwenyewe mapema.

Pembe ya tone la maji inapaswa kuwa ngapi?

Hii ni pembe ambayo ukingo wa tone hufanya na uso; ikiwa kubwa, uso unakataa maji. Kwa seli nyingi zinazohitaji kushika ili ziishi, nyuso zenye pembe kati ya digrii 40 na 70 hufanya vizuri. PTFE iko kwenye 110 hivi, tone linasimama kama maji juu ya jani la myugwa. Polistairini isiyotibiwa iko karibu na 90. Filamu laini ya PCL mara nyingi huwa kati ya 75 na 85.

Ila usiifanye pembe kuwa ndiyo lengo. Nyuso mbili zinaweza kuwa na digrii 55 zote mbili, moja ikiwa na vikundi vya amini na nyingine haidroksili, seli zikazitofautisha kabisa. Pembe hukwambia kwamba uso umebadilika. Haikwambii umebadilika kuwa nini.

Nianze na njia gani?

Kama polima yako ni ya esta (PCL, PLA yaani asidi ya polilaktiki, au PET ya chupa za maji) na huna mashine ya plazma, anza na NaOH, yaani hidroksidi ya sodiamu. Ni ya bei ndogo na matokeo yake hayapotei haraka. Kama una mashine ya plazma na vipande vyako ni bapa, anza na plazma ya oksijeni. Kama polima haina kundi lolote la kukamatia kemia, au una mchanganyiko wa polima mbalimbali, jaribu polidopamini, mpako unaojigandisha kwenye karibu uso wowote. Peptidi ya RGD, kipande kifupi cha protini ambacho seli hukishika, iache mpaka mojawapo ya hizo iwe inakupa matokeo yaleyale kila wiki. Wengi hukimbilia peptidi mapema, wakaweka kitu cha bei kubwa juu ya uso ambao hawajaujua.

Hatua za NaOH kwa PCL ni zipi?

NaOH hukata vifungo vya esta vilivyo juujuu na kuacha ncha za kaboksili na haidroksili. Hakuna kinachoongezwa. Ni polima yenyewe inayofunguliwa.

1. Osha kipande kwa ethanoli ya asilimia 70 kwa dakika 10. Usitumie asetoni, kwani huvimbisha PCL na PLA na kuacha uso wenye ukungu. Kloroformu itakiyeyusha kipande chote.
2. Kama ni kiunzi chenye matundu, kiache ndani ya ethanoli chini ya ombwe dogo mpaka mapovu yaishe. Hewa iliyobaki ndani ni sehemu ambayo NaOH haitafika, na baadaye seli pia hazitafika. Kisha badilisha ethanoli kwa maji.
3. Tengeneza NaOH ya molari 1: gramu 4 kwenye maji, ukijaza hadi mililita 100. Tia vidonge ndani ya maji kidogo kidogo. Myeyusho utapata joto, usubiri upoe hadi joto la chumba, maana PCL iliyo kwenye nyuzi 50 imeshaanza kulegea. Tengeneza mpya kila mara, kwa kuwa NaOH hunyonya kaboni dioksidi ya hewani na ya mwezi uliopita si ya molari 1 tena.
4. Zamisha filamu au kiunzi cha kuchapwa kwa saa 1 hadi 2. Nyuzi nyembamba zilizofumwa kwa umeme zianze na molari 0.1 kwa dakika 15 hadi 30. PLA nayo ianze hapohapo, kwa sababu huliwa haraka kuliko PCL.
5. Suuza kwa maji yaliyoondolewa ayoni mara 5, dakika 5 kila mara, na upime pH ya maji ya mwisho. Viunzi vilale usiku mzima ndani ya PBS (maji ya chumvi na fosfati yanayoshikilia pH).
6. Kausha kwa hewa safi au ombwe. Oveni isizidi nyuzi 40.

Pima uzito kabla na baada, kwa mizani ya miligramu 0.1. Uzito ukipungua kwa kiasi kinachoonekana wazi, hubadilishi uso tena bali unakula kipande. Nyuzi zitakuwa nyembamba na zitakatika ukizishika kwa kibanio.

Kosa la kawaida zaidi liko kwenye hatua ya 5. Matundu hubakiza NaOH, inavuja polepole ndani ya chakula cha seli, seli zinakufa, na lawama zinaipata polima. Dalili yake iko wazi kama chakula kina fenoli nyekundu: rangi huhama kuelekea waridi na zambarau saa chache baada ya kuweka kipande.

Plazma niiwekee vipimo gani?

Hakuna vipimo vya kunakili kutoka mashine moja hadi nyingine, kwa sababu wati 50 ndani ya chemba ya lita 2 si sawa na wati 50 ndani ya lita 20. Pa kuanzia, kwa chemba ndogo ya mgandamizo wa chini inayotumia mawimbi ya MHz 13.56: vuta hewa hadi chini ya milibari 0.1, ingiza oksijeni hadi milibari 0.3 au 0.5, tumia wati 30 hadi 50 kwa dakika 1 hadi 3. PCL ipewe mapumziko katikati isije ikalainika kwa joto.

Angalia rangi kupitia dirisha. Oksijeni safi huwaka kwa mwanga hafifu uliopauka. Ukiona waridi au urujuani, kuna nitrojeni humo, yaani chemba inavuja au hujavuta hewa ya kutosha. Kasoro hiyo haiandikwi kwenye kioo cha mashine, na inaweza kuharibu kazi ya mwezi mzima bila mtu kujua.

Kuzidisha muda hakuongezi faida. Kadiri plazma inavyopiga, ndivyo inavyokata minyororo kuwa vipande vifupi vilivyooksidishwa ambavyo vinakaa juu kama vumbi. Pembe ya tone itashuka sana na utafurahi, kisha ukisuuza kipande, vile vipande vinaondoka na pembe inapanda. Kwa hiyo pima pembe baada ya kusuuza na kukausha. Kipimo cha kabla ya kusuuza kinapima uchafu.

Viunzi vinene ni tatizo jingine. Plazma hutibu kuta za nje na huchoka kadiri inavyoingia ndani. Kata kiunzi katikati, kitie tone la maji yenye rangi, uone linaishia wapi. Kama moyo wa kiunzi umebaki mkavu, njia za majimaji kama NaOH au polidopamini zitakufaa zaidi.

Kipande kilipenda maji Jumatatu, Ijumaa kimerudi kilivyokuwa. Nini kimetokea?

Minyororo ya polima imegeuka. Vikundi vya oksijeni vilivyoko juu havipendi kukaa vikitazamana na hewa, kwa hiyo minyororo inayoweza kutembea huvizungusha kuelekea ndani na kuleta juu sehemu zinazokataa maji. Kwenye silikoni kuna la ziada: molekuli fupi za ndani hupanda juu na kufunika uso. Ndiyo maana silikoni huanza kurudi ndani ya saa chache tu.

Kasi inategemea umbali kati ya joto la chumba na joto ambalo polima huacha kuwa kama kioo. PCL huacha kwenye nyuzi −60, hivyo kwenye benchi la maabara minyororo yake inatembea muda wote. PEEK, polima ngumu ya vipandikizi vya uti wa mgongo, huacha kwenye nyuzi 143, kwa hiyo inarudi polepole sana. Chumba kisicho na kiyoyozi, chenye nyuzi 32 mchana, hukiharakisha kipande cha PCL kuliko friji ya nyuzi 4.

Ukishatibu, tumia kipande ndani ya nusu saa au kizamishe kwenye maji safi, kwa sababu kikitazamana na maji vikundi havina haja ya kujificha. PLA usiilaze majini kwa wiki, maana maji huikata. Bora zaidi ni kufunga kitu juu ya uso mara tu baada ya plazma: protini, peptidi au polima nyingine. Kilichofungwa kwa kifungo cha kemia hakigeuki kirahisi.

Napimaje pembe bila mashine maalumu?

Tone la mikrolita 3, pipeti, meza iliyo sawasawa, taa nyuma ya karatasi nyeupe, na kamera ya simu yenye lenzi ya karibu iliyowekwa usawa wa kipande. Picha isomwe kwa programu ya ImageJ. Weka matone 5 kwenye kila kipande, vipande 3 kwa kila kundi, na soma kila tone katika sekunde ileile, tuseme ya 5 baada ya kugusa, kwa sababu linatanuka na kukauka.

Usipime juu ya kiunzi chenye matundu au kitambaa cha nyuzi. Hewa iliyo chini ya tone huongeza pembe, na tone likinyonywa huipunguza, na hakuna hata moja kati ya hayo linaloeleza kemia. Tengeneza filamu bapa ya polima ileile, uitibu pamoja na viunzi kwenye chungu kimoja, upime hiyo.

RGD ni nini, na kwa nini watu wanaipenda hivyo?

Ni asidi amino tatu zinazofuatana: arginini, glisini, asidi aspatiki. Mwaka 1984 Michael Pierschbacher na Erkki Ruoslahti walionyesha kwamba kipande hicho kidogo cha fibronektini kinatosha kuzishikilia seli. Maana yake kwa kazi hii ni kubwa. Badala ya kuweka protini nzima, ambayo inaharibika kwa joto na kuliwa na vimeng'enya, unaweka peptidi fupi, thabiti, inayotengenezwa kwa kemia.

Wingi wake una kikomo cha chini. Mwaka 2004 kundi la Joachim Spatz huko Ujerumani lilipanga nukta za dhahabu zenye peptidi kwa umbali uliopimwa. Nukta zilipokuwa mbali kwa nanomita 58 seli zilitanuka vizuri. Kwenye nanomita 73 zilishindwa. Integrini hufanya kazi zikiwa kundi, na zikitenganishwa kupita hapo kundi halijengeki. Kwa hiyo mtu anayesema RGD haikufanya kazi aulizwe kwanza alikuwa na kiasi gani juu ya uso.

Ubaya wake ni kwamba RGD haichagui. Seli za mfupa zitashika, na fibroblasti za kovu pia zitashika.

Naifungaje RGD kwenye PCL iliyotibiwa kwa NaOH?

Kwa EDC na NHS, kemikali mbili ambazo huiamsha kaboksili ili ikamate amini ya peptidi.

1. Bafa ya MES ya molari 0.1, pH 5.5 hadi 6.
2. Kwa mililita 10: EDC miligramu 38 (milimolari 20) na NHS miligramu 11.5 (milimolari 10). Yeyusha wakati wa kutumia, si jana yake.
3. Zamisha vipande kwa dakika 30 kwenye joto la chumba.
4. Suuza mara moja, haraka, kwa MES ya baridi.
5. Peleka kwenye peptidi ya miligramu 0.1 kwa mililita ndani ya PBS pH 7.4. Saa 2 kwenye joto la chumba, au usiku mzima kwenye nyuzi 4.
6. Zima esta zilizobaki kwa ethanolamini ya milimolari 10, dakika 15. Kisha osha kwa PBS yenye Tween 20 ya asilimia 0.05, halafu PBS tupu mara 3.

Usitumie bafa ya Tris wala glisini kwenye hatua ya 3 hadi ya 5, kwani zina amini na zitachukua nafasi ya peptidi yako. Usipandishe pH ukidhani utaharakisha kazi. Esta ya NHS hufa yenyewe kwenye maji: kwenye pH 7 na nyuzi 0 nusu yake hudumu saa 4 hadi 5, kwenye pH 8.6 na nyuzi 4 ni dakika 10 tu.

EDC hutunzwa kwenye friza, na inanyonya unyevu. Mahali kama Dar es Salaam au Mombasa, ukifungua chupa ingali baridi, unyevu wa hewa hugeuka maji ndani na chupa yote inapoteza nguvu polepole. Iache imefungwa mpaka ifikie joto la chumba ndipo uifungue. Afadhali zaidi uigawe kwenye vichupa vidogo siku ya kwanza. Poda iliyoshikana mabonge itupwe.

Weka pia vipande viwili vya kulinganishia: kimoja kipate peptidi bila EDC, kingine kipate EDC pamoja na peptidi ya RGE au RDG, yaani RGD iliyobadilishwa asidi amino moja au kupangwa vingine ili seli zisiitambue. Cha kwanza kinaonyesha kiasi kilicholala juu tu bila kufungwa. Cha pili kinaonyesha kama seli zinafuata RGD au zinafurahia tu uso wenye maji. Bila hivyo viwili, takwimu zako hazina wa kuzitetea.

Polidopamini inawekwaje?

Ilitangazwa mwaka 2007 na kundi la Phillip Messersmith nchini Marekani, waliojifunza kutoka kwa kome anavyojigandisha kwenye mwamba uliolowa. Kwa mililita 50: Tris miligramu 61 (milimolari 10), rekebisha pH hadi 8.5 kwa HCl, kisha dopamini hidrokloridi miligramu 100, yaani miligramu 2 kwa mililita. Zamisha saa 4 hadi 24, chombo kikiwa wazi na kinatikiswa polepole. Ndani ya saa 24 unene hufikia hadi nanomita 50.

Myeyusho hutoka kwenye usafi wa maji, ukapita rangi ya chai nyepesi, mpaka ukawa kahawia iliyokolea. Ukibaki mwepesi baada ya saa 2, pH imeshuka au umefunga kifuniko: bila oksijeni hakuna kinachoendelea. Simamisha vipande wima. Ukivilaza, chembe zinazoungana ndani ya myeyusho hushuka na kukaa juu kama masizi, na baadaye zinabanduka zikiwa na seli zako mgongoni. Sonikesheni fupi ya dakika 1 au 2 ndani ya maji huondoa zilizolegea.

Na PEEK?

PEEK inapendwa kwenye uti wa mgongo kwa sababu ugumu wake, gigapaskali 3 hadi 4, uko karibu na mfupa kuliko titani yenye takriban 110, na haiwi kivuli kwenye eksirei. Lakini mfupa hauishiki, na mara nyingi huzungukwa na utando wa kovu. Viwandani hupakwa titani au haidroksiapataiti kwa kunyunyiziwa.

Maabarani njia inayozungumzwa sana ni asidi ya salfa yenye ukolezi wa asilimia 95 hadi 98 kwa dakika 5 hivi, ikitikiswa kwa sonikesheni, kisha kipande kinatumbukizwa kwenye maji yaliyokenekwa. Uso hugeuka kuwa mtandao wa matundu madogo kama sifongo. Tatizo ni salfa inayobaki humo, ambayo huua seli. Maji ya nyuzi 120 ndani ya chombo cha mgandamizo kwa saa 4 huipunguza sana. Ukizidisha muda ndani ya asidi, PEEK inaanza kuyeyuka na kingo za kipande hupoteza umbo. Kazi hii ifanyike ndani ya kabati la kuvuta mvuke, ukiwa na ngao ya uso na glavu zinazohimili asidi. Kama maabara yako haina kabati linalovuta kweli, iache.

Nitathibitishaje kwamba uso umebadilika?

Kipimo chenye uzito ni XPS, yaani kuupiga uso kwa eksirei ili kujua elementi zake, kinachosoma nanomita 10 za juu tu. PCL haina nitrojeni, kwa hiyo nitrojeni ikitokea baada ya kufunga peptidi una ushahidi, mradi hukukigusa kipande kwa vidole. Ukiona silikoni karibu na eV 102, tafuta mafuta ya pampu, glavu au utepe wa kubandikia. Uchafu huo husambaa kuliko watu wanavyodhani.

FTIR ya ATR, inayosoma vifungo vya kemia kwa mwanga wa infraredi, huingia ndani hadi mikromita moja au zaidi. Uso uliotibiwa kwa plazma una unene wa nanomita chache, hivyo umezama ndani ya ishara ya polima. Grafu mbili zinazofanana si ushahidi kwamba plazma ilishindwa.

Bila XPS, hesabu kaboksili kwa toluidini ya buluu: milimolari 0.5 kwenye pH 10, saa 5, suuza kwa NaOH ya pH hiyohiyo mpaka maji yawe meupe, toa rangi kwa asidi asetiki ya asilimia 50, soma kwenye nanomita 633. Kwa amini, ninhidrini inatosha.

Naua vijidudu vipi bila kuharibu nilichotengeneza?

Otoklevu ya nyuzi 121 itageuza PCL kuwa kidimbwi na PLA kuwa kitu kilichopinda. PEEK huivumilia. Ethilini oksidi inafaa nyingi, ila ipewe siku za kutosha kupungwa hewa. Mionzi ya gama ya kilogrei 25 hukata minyororo ya PLA na kufupisha uhai wake mwilini. Kwa majaribio ya maabara, ethanoli ya asilimia 70 kwa dakika 30 kisha PBS mara 3 inatosha, lakini hiyo huitwa kupunguza vijidudu, isiandikwe kwenye ripoti kuwa ni utakasaji kamili. Vyovyote uchaguavyo, pima pembe na seli baada ya hatua hii. Mwili utakutana na uso uliopitia hapo.

Naweka seli ngapi, na nizihesabu lini?

Kwa MC3T3-E1 (seli changa za mfupa za panya), seli 10,000 kwa sentimita mraba ni pa kuanzia pazuri. Kwenye kiunzi, ziweke ndani ya tone la mikrolita 20 hadi 50, acha inkubeta saa 1 hadi 2, ndipo ujaze chakula. Ukijaza mara moja, nusu ya seli zitasombwa hadi chini ya kishimo cha sahani.

Na hizo za chini ndizo zinazodanganya. Sahani ya kawaida ya seli ni polistairini iliyokwisha kutibiwa kiwandani, yenyewe ni uso mzuri kuliko wako. Tumia sahani isiyoshikwa na seli, na uhamishe kiunzi kwenye kishimo kipya kabla ya kuweka MTT, kemikali ambayo seli hai huigeuza zambarau.

Kushika kupimwe saa 1, 4 na 24. Kuongezeka siku ya 3 na ya 7. Fosfatasi ya alkali, kimeng'enya cha seli zinazojenga mfupa, siku ya 7 hadi 14. Madini kwa alizarini nyekundu siku ya 21. Kwa saa za kwanza fanya jaribio sambamba bila seramu, maana vitronektini ya seramu hufunika tofauti kati ya RGD na uso mtupu. Idadi peke yake haitoshi. Gandisha kwa paraformaldehaidi ya asilimia 4 kwa dakika 15, paka faloidini (huonyesha nyuzi za aktini) na DAPI (huonyesha kiini), na kingamwili ya vinkulini, protini ya mahali seli iliposhika, ukiipata. Seli ya duara imetua tu. Seli iliyotanuka, yenye nyuzi za aktini na nukta za vinkulini pembeni, ndiyo iliyoshika.

Tahadhari kwa wenye polidopamini: mipako hiyo inaweza kuibadilisha MTT kuwa zambarau bila seli yoyote. Weka kipande kisicho na seli, na utoe kiasi chake.

Seli zilijaa siku ya kwanza, siku ya tatu zikabanduka kama ngozi. Kwa nini?

Mara nyingi chini yake kuna kitu kilicholegea: mabaki ya plazma kupita kiasi, masizi ya polidopamini, au peptidi iliyolala bila kufungwa. Seli zikianza kuvuta kwa misuli yao ya ndani, hubeba sakafu nzima. Sababu ya pili ni kuweka seli nyingi mno, zikashikana zenyewe kuliko zinavyoshika uso, zikajikunja kama chapati.

Bakteria nao si watashika?

Watashika. Anthony Gristina aliliita jambo hili mwaka 1987 mbio za kuwania uso: seli za mwili na bakteria hukimbilia mahali pamoja. Staphylococcus hupenda nyuso zenye mikwaruzo na protini kama seli zinavyopenda. Kwa hiyo uso unaouita bora upimwe kwa wote wawili, ikiwezekana ndani ya kishimo kimoja.

Kushika zaidi ni bora kila mara?

Hapana. Harold Ridley alipoweka lenzi ya kwanza ya PMMA ndani ya jicho huko London mwaka 1949, faida ilikuwa ni polima ambayo mwili hauijali. Mpaka leo seli za epitheliamu zinazotambaa nyuma ya lenzi ndizo zinazorudisha ukungu baada ya upasuaji wa mtoto wa jicho. Katheta nayo hutaka utelezi. Mshipa bandia wa damu ndio mgumu kuliko vyote: ndani unataka seli za endotheliamu zishike, chembe sahani zisishike, na nje unataka tishu iingie.

Naweza kukitibu kipandikizi kilichonunuliwa ili hospitali ikitumie?

Usifanye. Ukibadilisha uso umetengeneza kifaa kipya, na idhini ya kile cha zamani haikihusu tena. ISO 10993-1, kiwango cha kimataifa cha usalama wa vifaa tiba mwilini, hutazama kifaa kilichokamilika, pamoja na njia ya utakasaji, si malighafi. Hatua ya kwanza ya kawaida ni ISO 10993-5: dondoo la nyuzi 37, sentimita mraba 6 kwa mililita kwa vipande vyembamba kuliko milimita 0.5, na uhai wa seli ukishuka chini ya asilimia 70 kifaa kinahesabiwa kuwa na sumu. Tanzania mlango ni TMDA (mamlaka ya dawa na vifaa tiba), Kenya ni Bodi ya Dawa na Sumu. Nenda kwao ukiwa na kumbukumbu za kila bechi, zikiwemo zilizoharibika.